Mpasuko wa njia ya haja kubwa umegoma kupona: ukatwe msuli, uchomwe sindano au ufunikwe ngozi?

Barua za huko chini karibu zote zinaanza na "samahani dokta kwa swali la aibu", halafu mtu anazunguka aya nzima ndo anafika kwenye shida yenyewe. Safari hii nimekusanya zinazohusu mpasuko sugu, yaani ule mchaniko wa ngozi mlangoni pa haja kubwa ambao umeshapita wiki 6 mpaka 8, dawa umetumia, na sasa umeshaanza kuambiwa habari za oparesheni. Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo dokta. Samahani kwa swali la aibu. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, nina mpasuko unaelekea mwaka sasa. Nikitoka chooni maumivu yanaendelea masaa mawili matatu, kazini nakaa na tako moja. Nimetumia dawa za kulainisha choo, nimekaa kwenye maji ya uvuguvugu, nikapaka ile krimu ya nitroglisirini kichwa kikataka kupasuka nikaacha, nikabadilishiwa ya diltiazemu nikapata nafuu nikafurahi, nilivyomaliza tyubu ikarudi vilevile. Bingwa wa kwanza kasema nikatwe msuli, wa pili anasema tuanze na sindano ya Botox, na shemeji yangu anasema yeye zamani alipanuliwa tu kwa vidole akiwa amelazwa usingizi na akapona. Mbona kila mtu ana lake? Na wewe ungekuwa mimi ungefanya ipi?

JIBU: Marahaba. Hao mabingwa wawili hawabishani kama unavyodhani, wote wanaufuata msuli uleule, njia tu ndo tofauti. Mlangoni pale kuna misuli miwili ya duara. Wa nje ni ule unaoubana mwenyewe ukiwa umeshikwa na choo kimekaliwa na mtu, wa ndani huo huuamrishi, umebana muda wote hata ukiwa umelala, na ndo unaobeba sehemu kubwa ya mbano wa kila siku. Kwa mwenye mpasuko sugu huu wa ndani mara nyingi umekaza kupita kiasi, na ukikaza hivyo damu haifiki vizuri kwenye ngozi ya nyuma katikati, sehemu ambayo hata kwa mtu mzima wa afya inapata damu kidogo kuliko pembeni, ndo maana mipasuko mingi sana, kama 9 kati ya 10, utaikuta hapohapo. Sasa kidonda kisichopata damu hakiponi, kisipopona kinauma, kikiuma msuli unakaza zaidi, na wewe kwa woga unaahirisha kwenda chooni, choo kinakauka humo ndani, kesho kinachana tena palepale.

Krimu zote ulizopaka kazi yake ni kuulegeza huo msuli kwa muda. Nitroglisirini inaponya kama nusu hivi ya wanaoitumia, na ukweli ni kwamba kati ya hiyo nusu wapo wengi tu ambao wangepona hata kwa krimu isiyo na dawa ndani, na kichwa kinawauma karibu mtu mmoja kati ya watatu, kwa hiyo wala hukuwa mlegevu. Diltiazemu haisumbui sana kichwa. Ila ukiona umepata nafuu ukiwa unapaka halafu ukiacha inarudi, hiyo yenyewe ni habari muhimu, maana yake kwako tatizo kweli ni msuli kukaza, na mtu wa hivyo ndo anayefaidika zaidi na hayo mambo mengine uliyoambiwa.

Tuanze na kukata. Hapa daktari anakata sehemu ya chini ya msuli wa ndani, upande wa pembeni, sio kwenye kidonda chenyewe. Wengi hawalijui hili, wanaamka wanakuta kajeraha kapya pembeni na mpasuko wao uko palepale wanaona wameibiwa. Zamani walikuwa wanakata nyuma katikati, ndivyo alivyoeleza daktari wa upasuaji Eisenhammer wa Afrika Kusini mwaka 1951, lakini pale pakikatwa panabaki mfereji, choo kidogo kinajificha humo na nguo ya ndani inachafuka, ndo wakahamia pembeni, na mwaka 1969 Notaras wa London akaeleza namna ya kupitisha kisu chembamba chini ya ngozi bila kufungua jeraha kubwa. Kwa hiyo ukiambiwa kuna njia ya wazi na njia ya kufunga usikeshe unawaza ipi bora, mapitio ya Cochrane ya 2011, hao ni watu wanaokusanya tafiti nyingi na kuzipima kwa pamoja, yaliziweka pamoja hayakuona tofauti ya maana, mwache daktari afanye ile aliyoizoea mkono wake.

Ukishapata ganzi anaingiza kidole, anapapasa pembeni mpaka anausikia ukingo wa chini wa msuli wa ndani, umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Kisu kinapita, na chini ya ncha ya kidole ule mkazo unaachia, panabaki kashimo kadogo kanakosikika. Anakandamiza kidogo damu ikate na kazi karibu imeisha, haifiki hata nusu saa, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Maumivu yale ya mpasuko wengi wanasema yamepungua ndani ya siku chache tu, hata kabla kidonda chenyewe hakijafunga.

Kwa kuponya hakuna kinachoifikia. Kuna utafiti wa Kanada wa mwaka 2000 ulioweka wagonjwa wa kukatwa na wa kupaka nitroglisirini, ilipofika wiki ya 6 waliokatwa karibu 90 kwa 100 walikuwa wamepona kabisa, waliopaka karibu 30 kwa 100. Tofauti kubwa hiyo, na ndo maana bingwa wako wa kwanza hakutaka maneno mengi.

Ila msuli ukishakatwa umekatwa, haurudi. Mwaka 2013 ulitoka uchambuzi uliojumlisha wagonjwa zaidi ya 4,500 waliofuatiliwa kwa miaka, ukakuta kama 14 kwa 100 wamebaki na kasoro ya aina fulani ya kuzuia. Usishtuke na hiyo 14 kabla hujaifungua ndani kuna nini, wengi wao ni gesi, kama 9 kwa 100, yaani kujamba bila kupanga, na kama 6 kwa 100 ni nguo kuchafuka kidogo, kushindwa kuzuia choo kigumu ilikuwa chini ya mmoja kwa 100. Mimi gesi siihesabu kuwa jambo dogo kama wenzangu wengine wanavyoiandika kwenye ripoti, mwalimu anayesimama mbele ya darasa au mtu anayeswali swala tano na kila saa udhu umemtoka hiyo sio "kasoro ndogo", kwa hiyo pima na maisha yako wewe.

Hapo ndo linakuja swali ambalo wagonjwa hawaulizi na ndo swali lenyewe: dokta, utakata kiasi gani? Zamani ilikuwa wanakata mpaka juu kwenye mstari ule wa ndani ambapo ngozi inaishia na utando wa utumbo unaanzia. Siku hizi wengi wanakata kwa kipimo, wanaishia usawa wa kilele cha mpasuko wenyewe, mpasuko mfupi wanakata kidogo. Ukikata kidogo nafasi ya ugonjwa kurudi inaongezeka kidogo, nafasi ya kuvuja inapungua. Mimi nachagua kidogo, kwa sababu msuli uliobaki unaweza kuongezewa mkato baadaye, uliokwisha kukatwa hakuna wa kukurudishia.

Sindano ya Botox sasa. Ni sumu ileile ya kulainisha makunyanzi ya uso, inachomwa kwenye msuli wa ndani au pembeni yake, unalegea kwa kama miezi 3 hivi halafu nguvu zinarudi zenyewe. Uzuri wake ndo huo, kitu cha muda, hata ukivuja gesi wiki mbili tatu baadaye panatulia. Ubaya wake nao ni huohuo, miezi 3 ikiisha kama kidonda hakijawahi kufunga umerudi ulikotoka. Inaponya watu wengi tu lakini wachache kuliko kisu, na kurudi kunatokea zaidi, na dozi na mahali pa kuchoma kila daktari ana yake, wengine uniti 20 wengine mpaka 100, ndo maana matokeo yanayumba kutoka hospitali moja kwenda nyingine. Inaweza kurudiwa.

Kuhusu shemeji, mpe pole na pongezi kwa pamoja. Kupanua kwa vidole kwa nguvu kulikuwa kunafanyika sana, hakuhitaji kifaa, na kweli wapo waliopona. Tatizo ni kwamba vidole havijui viishie wapi, vinachana nyuzi ovyo ovyo kuzunguka msuli wote, mara nyingine mpaka wa nje, na walipokuja kupigwa ultrasaundi ya ndani wengi wakaonekana misuli imekatika vipande. Hayo mapitio ya Cochrane niliyotaja yalikuta kupanua kunaponya wachache kuliko kukata na kunavujisha wengi zaidi, kwa hiyo unapoteza huku na huku. Kuna kupanua kwa puto lenye kipimo ambako ni habari nyingine, halijaenea sana. Lakini akitokea mtu anakuambia nitakupanua tu kwa mkono, vaa viatu.

Ningekuwa wewe? Mwanaume, 34, hujawahi kufanyiwa chochote huko, msuli umekaza, dawa mbili zimeshindwa: ningekatwa, kwa kipimo. Kama kazi yako au roho yako haikubali hata hatari ndogo ya gesi, anza na sindano ukijua inaweza isitoshe, hakuna ulichopoteza zaidi ya miezi michache. Yote mawili ni maamuzi ya mtu mwenye akili timamu.

SWALI: Habari dokta, mimi mama wa watoto watatu miaka 41, mtoto wa pili nilichanika vibaya nikashonwa. Sasa nina mpasuko, ila wangu uko mbele sio nyuma, na daktari kanipapasa akasema sijakaza sana. Nimeandikiwa oparesheni ya kukatwa msuli. Tangu kile kizazi gesi hunitoka kidogo nikikohoa sijawahi kumwambia mtu. Nikubali?

JIBU: Dada, hapana, sio bado, na hilo la gesi ambalo hujawahi kumwambia mtu kamwambie huyo daktari kesho, kwa sababu labda yeye hajui na akijua anaweza kubadilisha uamuzi wote mwenyewe bila mimi.

Wewe ni mtu tofauti kabisa na kaka wa barua ya kwanza ingawa ugonjwa una jina moja. Msuli wa mwanamke ni mfupi, hasa upande wa mbele, na kuchanika wakati wa kujifungua mara nyingi kunaugusa hukohuko mbele, unashonwa, unaonekana umepona, lakini akiba haipo tena. Halafu hujakaza. Mpasuko wa baada ya uzazi mara nyingi uko hivyo, unauma bila msuli kukaza, sasa mtu ukilegeza msuli ambao haujakaza unatibu nini? Unamtoa mtu na maumivu ya chooni unampa pedi za kila siku.

Kabla ya chochote omba vipimo viwili, cha mbano, ambapo kamrija kadogo kanaingizwa kusoma nguvu ya misuli ukiwa umetulia na ukiwa umebana, na ultrasaundi ya kupitia humohumo inayoonyesha msuli umekatika wapi. Haviumi kama unavyofikiria, ila ukiwa na mpasuko mbichi waambie wakupake ganzi ya jeli, na kama hata hivyo hauvumiliki visubiri au vifanyike ukiwa umelazwa usingizi kwa hicho cha picha.

Kwa mtu kama wewe kuna njia ambayo barua ya kwanza haikuigusa, ya kufunika kwa ngozi. Kidonda kinasafishwa, kingo zile ngumu zinaondolewa, halafu kipande cha ngozi ya jirani, kikiwa bado kimeshikana na nyama yake ya chini ili damu iendelee kuingia, kinasogezwa mpaka kinafunika pale palipokuwa wazi na kushonwa. Wengine wanakikata umbo la herufi V wakimaliza kushona linakuwa Y, wengine wanakikata umbo la nyumba. Msuli haukatwi hata uzi mmoja. Kwa kuponya inakaribia kukata msuli bila kuufikia, na hatari yake kubwa sio kuvuja, ni ngozi kuachia mshono, au kuingia wadudu pakatoa usaha, mambo ya kusumbua wiki kadhaa lakini sio ya maisha. Inataka fundi kidogo, sio kila anayejua kukata msuli amezoea kushona hii, kwa hiyo uliza bila aibu kama anaifanya mara kwa mara.

Njia nyingine ya kuacha msuli ni kuondoa kidonda chenyewe tu, kingo, makovu na vinyama, ili kianze upya kama jeraha bichi lenye damu, na wengi siku hizi wanaongezea sindano ya Botox kwenye meza hiyohiyo. Kwako sindano ingekuwa kwa tahadhari, dozi ndogo, au isiwepo kabisa kama kipimo kitasema msuli wako uko chini. Kuondoa kidonda peke yake pasipo kulegeza kitu kwa mtu aliyekaza hakudumu sana, lakini wewe hujakaza, ndo maana inakuingia kwenye hesabu.

Na kama vipimo vyote vikija vizuri kuliko ninavyohofia, hata hapo kukata msuli ningekuweka mwisho kabisa baada ya hizo nyingine.

SWALI: Dokta mambo vipi. Nimeona tangazo la oparesheni ya leza ya mpasuko, hakuna kisu, hakuna maumivu, hakuna kurudi. Nilishatolewa kinyama huko wakidhani ni bawasiri ila maumivu hayajaisha hata kidogo. Leza itanisaidia?

JIBU: Poa. Leza ni moto wa kukatia, swali linabaki lilelile, anakata nini nayo? Akikata msuli na leza amekata msuli, faida na hatari unazibeba zilezile, akichoma kidonda tu basi ni kuondoa kidonda, yale niliyomwambia dada hapo juu. Mpaka sasa leza haijaonyeshwa kwa tafiti za kutosha kuwa inaipita njia ya kawaida, na anayekuandikia "hakuna kurudi" anauza.

Hilo la kinyama limeniuma zaidi. Mpasuko ukikaa sana unaota vitu viwili, nje kwenye mwisho wa kidonda ngozi inavimba inaning'inia, ndani juu yake kinaota kinundu kingine, katikati yao ndo kuna mchaniko, na ukifunuliwa vizuri unaona nyuzi nyeupe za msuli zimelala kwa upana sakafuni pa kidonda. Mtu akiangalia haraka haraka anaona kile cha nje anasema bawasiri, anakikata, na ugonjwa wenyewe anauacha. Bawasiri ya kawaida inatoa damu lakini mara nyingi haiumi vile, maumivu makali ya kukata wakati wa choo yanayobaki masaa, kwanza fikiria mpasuko. Rudi ukaangaliwe upya, ikibidi ukiwa chini ya ganzi maana ukibana kwa maumivu hakuna atakayeona kitu, na anza na krimu na dawa za choo kama hujawahi kupewa, inawezekana hata meza ya oparesheni huihitaji.

SWALI: Dokta nisaidie haraka, mume wangu amekatwa msuli siku ya tisa leo. Damu kidogo bado inaonekana kwenye karatasi, kidonda cha pembeni kinatoa maji maji, na kujamba hajizuii, anasema amekuwa kama mtoto amekata tamaa anasema bora angebaki na mpasuko. Imeshindikana?

JIBU: Mama, bado mapema sana kusema imeshindikana. Damu kidogo kwenye karatasi na majimaji wiki za mwanzo ni kawaida, kidonda kufunga kabisa kinachukua wiki 6 na wengine zaidi. Gesi kumponyoka mwanzoni ni jambo la wengi sana, msuli umetoka kukatwa na pale pamevimba, na kwa wengi hupungua wiki zinavyokwenda. Hesabu ile ya 14 kwa 100 niliyoandika hapo juu ni ya waliobaki nayo kwa muda mrefu, mwanzoni huwa ni wengi zaidi ya hapo kisha wanapungua. Kama ikifika miezi miwili mitatu na bado nguo zinachafuka, hapo arudi, kuna mazoezi ya kubana na kuachia msuli wa nje yanayosaidia kweli akifundishwa na mtaalamu.

Muulize tu kitu kimoja, yale maumivu ya zamani ya baada ya choo yakoje sasa? Kama yameondoka, oparesheni imefanya kazi yake na mnachosubiri ni kupona.

Angalieni na dawa za maumivu alizopewa. Zile za ukoo wa kodeini na tramadoli zinafunga choo, na choo kigumu kipindi hiki ndo adui, kwa hiyo kama parasetamoli inamtosha abaki nayo na aulize aliyemwandikia kabla ya kuendelea na hizo nyingine. Dawa ya kulainisha choo asiiache kwa sababu eti amepata choo laini siku tatu mfululizo, kimelainika kwa sababu anaitumia. Maji ya uvuguvugu dakika kumi kumi, hasa akitoka chooni, bila dettol bila chumvi bila vitu vya kuungua, na ajikaushe kwa kugusa sio kwa kusugua.

Vya kumkimbiza hospitali ni hivi: homa, uvimbe unaokua na kupwita mpaka hawezi kukaa, usaha wenye harufu, damu inayotiririka au mabonge, au kushindwa kukojoa. Jipu hutokea kwa wachache, lisipopasuliwa mapema linaweza kuacha tundu linalovuja usaha pembeni, na hiyo ni oparesheni nyingine ambayo hamuihitaji.

SWALI: Kaka dokta, mpasuko wangu uko pembeni kushoto, na cha ajabu wala hauumi sana, ila una miezi mitano na uzito umepungua. Nimepangiwa kukatwa msuli mwezi ujao. Nataka kujua tu kama niombe ganzi ya mgongoni au nusu kaputi.

JIBU: Usiombe ganzi yoyote kwanza. Mpasuko wa kawaida unakaa nyuma katikati, mara chache mbele, hasa kwa wanawake, na unauma. Wa kwako uko pembeni, hauumi, na unakonda. Hiyo sio picha ya msuli uliokaza, na kukata msuli kwa mtu wa hivyo kunaweza kumwachia kidonda kisichofunga na kuvuja juu yake. Mipasuko ya pembeni inatafutiwa sababu nyingine kabla ya kisu, ugonjwa wa Crohn wa utumbo, kifua kikuu kilichoingia huko, kaswende, VVU, na kansa, mambo ambayo kila moja lina tiba yake na hakuna hata moja linalotibiwa kwa kulegeza msuli.

Mpigie aliyekupangia, mwambie maneno matatu tu, pembeni, haiumi, nimekonda, na uombe vipimo vya damu, kipande kidogo cha kidonda kikapimwe maabara, na kamera ya utumbo mpana kama ataona inahitajika. Tarehe ya oparesheni iahirishwe mpaka majibu yatoke. Kama yote yatakuwa safi na bado ikabaki hoja ya kukata, ganzi ya mgongoni au nusu kaputi zote zinafaa, hata ya kuchoma palepale inawezekana kwa oparesheni fupi hivyo, hilo utaongea na mtu wa ganzi dakika tano kabla ya kuingia. Niandikie majibu yakitoka.